Uzi Mwekundu Dirishani

Mkinicheka mnicheke taratibu, maana hata leo nikiona triko nyekundu (sweta, kama mnavyosema wengine) uso unaniwaka. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, kwetu Masisi, kwenye vilima ambako ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi, nami nilikuwa msichana aliyeposwa, mposaji wangu Bauma amekwenda kufundisha Walikale, mwaka mzima hajatuma barua, na shangazi ameshaanza kunitajia wanaume wengine.

Sasa, Jumapili moja Papa Katekista, mzee wa kanisa letu, akatufundisha juu ya nguo katika maandiko ya Waebrania wa kale. Gunia kwao lilikuwa kilio, pindo la vazi lilikuwa ulinzi, na ile kamba nyekundu ambayo mwanamke wa Yeriko aliifunga dirishani ili nyumba yake isiangamizwe, jina lake katika lugha yao ndilo lile lile la tumaini.

"Mwenye kungoja anafunga kamba," alisema, "na macho yake inabakia ku njia."

Mwili wangu ulikuwa kwenye benchi, lakini mimi nilishafika Walikale.

Wiki ile wamama wa kanisa tulikuwa tunamfumia Papa Katekista triko nyekundu ya kumshukuru, na mkono wa mwisho ulikuwa wangu, nimeuanzia begani nimeshuka hadi kifundoni, umebaki mstari mmoja tu, ule wa kufunga ili kazi isifumuke. Mstari huo hula uzi, na uzi niliutaka mimi. Nikaukata, ncha nikaichomeka ndani kwa ustadi (ustadi wa mwizi), kipande changu nikakifunga dirishani kwetu, nikakaa nakitazama kinavyocheza na upepo, moyo mwepesi, kana kwamba barua imeshafika.

Jumapili iliyofuata Papa Katekista akaivaa triko yake. Alipoinua mkono kuomba, ncha ikanasa kwenye msumari wa meza, yeye asijue, akatoka kusindikiza watu kama kawaida yake, akaingia ukunguni, na triko ikawa inafumuka mstari kwa mstari, uzi mwekundu unanyooka juu ya majani yenye umande, nasi tunaufuata kimya, hakuna anayethubutu kumwambia, mimi naomba ukungu unimeze. Tulipofika mbele ya nyumba yetu mkono ulikuwa umefumuka hadi kiwiko. Mama yake Bauma ndiye aliyeinua macho dirishani.

"Uzi iko moja," alisema polepole. "Ya mukono na ya dirisha."

"Nani alikata?" shangazi akauliza, huku ananitazama mimi.

"Njo miye, Papa," nikamwambia mzee, mbele ya kanisa zima. "Nilikuwa nangojea Bauma."

Papa Katekista akautazama mkono wake ulio wazi, kisha dirisha. "Acha ikae, mutoto wangu. Mukono yangu itavumilia baridi."

Ningefurahi mambo yaishie hapo. Lakini mama yake Bauma alinishika mkono, akashindwa kunitazama usoni.

"Ondoa, mutoto wangu. Bauma alioa kule, tangu mavuno ya maharagi. Nilikosa namna ya kukuambia."

Aibu ndiyo niliyoisikia kwanza. Huzuni ilinijia baadaye, nilipokuwa naufungua uzi dirishani, vidole havitaki. Siku ile ile niliufuma upya mkono wa mzee, na uzi wangu ule ndio niliofungia mwisho.

Tangu hapo sijaacha mstari wa mwisho wazi, hata wa soksi ya mtoto.