Kibonge Kwenye Pakiti ya Sumu

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Mama Risasi, maana vidole vyake havikutakata kamwe kwa weusi wa herufi za risasi alizozipanga miaka ishirini na miwili. Kila aina ya herufi aliibatiza jina. Aliyoipenda kuliko zote ni Kibonge: herufi nene, zenye miguu mipana ya kukanyagia mstari, lakini pembe zake zimelainika kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Kibonge haikumtisha mtu. Ilichapa pakiti za hamira, poda za watoto na vitabu vya darasa la kwanza. Hata mama yake mzazi, asiyejua a wala be, aliitambua dukani. "Hizi zako zilizoshiba," alikuwa akisema, kisha anachukua hamira bila kumuuliza mtu.

Ikaja kazi ya kuchapa pakiti za sumu ya panya. Herufi za ncha kali walizozoea kuchapia vitu vya hatari zilikuwa zimelika, hazishiki wino. Bosi akamwambia aweke Kibonge.

"Bosi, hii ni ya hamira. Sumu haivishwi nguo za mtoto."

"Picha ya fuvu la kichwa si ipo pakitini? Mwenye macho haambiwi tazama. Panga, mteja anasubiri."

Akapanga. Hakubisha mara ya pili, na hilo ndilo lililomla roho baadaye.

Wiki tatu hazijaisha, mama yake akakanda unga, akaoka mikate, akaonja wa kwanza peke yake. Kaka yake Mama Risasi ndiye aliyemkuta sakafuni. Pakiti ya sumu aliyoidhani hamira ilikuwa mezani, fuvu lake dogo kama punje ya dengu, limefifia. Na macho ya bibi yule yalikuwa yamekwishaanza kuingia ukungu wa uzee.

Alikaa wodini siku tatu. Siku ya mwisho alimshika bintiye mkono, akasema polepole, "Nilijua ni zako, mwanangu." Hakuwa akilaumu. Alikuwa akieleza tu.

Baada ya mazishi kaka yake aliuliza, "Nani aliipanga ile pakiti?"

"Mimi, kaka."

Akainuka, akatoka nje. Tangu hapo husalimiana kama watu waliogongana sokoni.

Mama Risasi alimwomba bosi zile pakiti zirudishwe. Bosi akasema maji yamekwishamwagika. Basi akanunua kalamu ya wino mwekundu, akapita duka hadi duka akiandika SUMU juu ya kila pakiti, kwa herufi za pembe kali. Maduka kumi na moja yalimruhusu. La kumi na mbili mwenye duka alimsukuma nje: "Mama, unaniharibia mali."

Mteja mwenye sumu alilalamika kwa bosi, na Ijumaa akaachishwa kazi. Jumatatu alirudi kwenye duka lile, akaketi ngazini, akawa anamwambia kila atokaye na pakiti ile ya sumu, "Ndugu yangu, hiyo si hamira."

Wachache walisimama wakaitazama upya. Wengi walimpita, wakidhani amerukwa na akili.