Kiganja Kwenye Ngazi ya Saba

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, mjomba wangu huinama kwenye ngazi ya saba ya jengo la zamani la kupigia chapa, hupuliza vumbi, kisha huweka kiganja chake ndani ya alama ya kiganja iliyoganda kwenye saruji. Hukaa hivyo kitambo, kama mtu anayesikiliza mapigo ya mgonjwa. Halafu hujifuta kwa leso, huvaa kofia na kuketi pembeni.

Aliongoza watalii katika mji huu mkuu kwa miaka thelathini na moja. Ikulu na mnara wa uhuru aliwaachia wenzake. Yeye aliwapeleka wageni nyuma ya mahakama, kwenye hodhi la mawe walimonywea farasi wa maofisa; kwenye ukuta uliopinda kwa sababu mpimaji alikosea na hakuna aliyethubutu kumwambia; na baada ya ngazi hizi, kwenye saa ya soko yenye nyuso tatu tu, maana upande wa nne ulitazama gereza. Wenzake walimwita Kamusi, kwa kuwa hakuna swali lililomkosesha jibu. Mama yangu, dada yake mkubwa, husema hata utotoni alikuwa radhi kula kofi kuliko kusema "sijui".

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Mwaka wake wa tatu kazini, mgeni mmoja aliuliza kiganja kile ni cha nani, na kwa nini kidole cha mwisho ni kifupi. Mjomba hakujua. Akasema ni cha fundi aliyeanguka kutoka paani akafa siku jengo lilipofunguliwa. Wageni wakavua kofia. Kesho yake akaisimulia tena, akaongeza mjane. Baada ya miaka kadhaa kila mwongoza watalii mjini aliisimulia, na mwaka huu ofisi ya utalii ya jiji ikaamua kuweka kibao cha shaba.

Wiki moja kabla ya uzinduzi, mama mmoja muuguzi, bado ana sare yake ya kazi, alisimama nyuma ya kundi akasikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwepo, chuo kilikuwa kimefungwa, nami nilimbebea mjomba miavuli ya wageni.

"Kaka, hiyo habari umeitoa wapi?"

"Ni historia hiyo, dada yangu."

"Historia ya nani? Huyo ni baba yangu. Kafia kitandani kwake mwaka juzi, na meno yake yote mdomoni! Kidole kilikatwa na msumeno kabla sijazaliwa. Mkono aliuweka hapa ili fundi mwingine asije akajidai ngazi ni zake. Kila tukipita alikuwa anautia tena, anacheka, anasema, 'Bado inanitosha.'"

Mwongoza watalii mwingine aliyekuwa akipita na kundi lake akamtania mjomba, "Vipi Kamusi, leo kurasa zimeloa?" Mjomba alimwomba yule mama jina kamili la baba yake.

Siku ya pili mimi na mjomba tulikwenda ofisi ya utalii. Alikuwa amepiga pasi shati la kazi, kitambulisho kifuani. Afisa alikuwa kijana aliyefundishwa kazi na mjomba mwenyewe.

"Mwalimu, kibao kimeshachongwa. Ni shaba, si chaki."

"Basi kiyeyusheni."

"Lakini hadithi nzuri hii. Inamdhuru nani?"

"Nimemuua yule mzee mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, miaka ishirini na minane. Naye alikuwa hai, anapita hapo hapo."

Afisa akaenda kufunga mlango. "Kukizuia kunataka maandishi yako. Ukiandika kwamba ulitunga, kanuni hainipi njia, Mwalimu. Kitambulisho nakichukua, na hakirudi. Nyamaza tu. Yule mama tutamwomba radhi wenyewe."

Mjomba akaomba kalamu. Aliandika ukurasa mmoja, polepole, jina la fundi kwa herufi kubwa. Kisha akavuta kitambulisho. Pini iling'ang'ania, ikaacha matundu mawili shatini.

Kibao hakikuzinduliwa, wala hakuna kilichowekwa badala yake. Kwa hiyo huja mwenyewe. Mpita njia akisimama kwenye ngazi ya saba, mjomba humwambia, bila kudai chochote: "Fundi alizijenga ngazi hizi, akaweka mkono wake, akaenda nyumbani." Basi. Wengine husubiri kidogo, kisha wanaondoka.

Mimi si mwepesi wa kuuliza. Nilikaa na swali langu mwezi mzima, mpaka asubuhi moja tulipokuwa tumeketi wawili tu pale pembeni.

"Mjomba, yule mgeni wa kwanza, ungemwambia tu hujui, ingekuwaje?"

Aliweka kofia magotini.

"Tungeshuka, mwanangu, tukaenda kuangalia saa ya soko."