Pombe Iliyoingia kwa Sindano

Kazi ya vigae hufanywa kwa magoti, na fundi alikuwa hawezi tena kuinama. Kila alipojikunja kupachika kigae, kitu chini ya mbavu za kulia kilimkandamiza tumbo mpaka chakula kikamrudi kooni. Aliposema ni ini, mafundi wenzake walimcheka: ini haliumi bure, huyu anakunywa kwa kujificha. Alicheka nao. Mkewe hakucheka. Alilelewa na baba mlevi, na alikubali kuolewa na fundi kwa sharti moja tu, asiguse chupa. Fundi hakuwahi kuigusa.

Picha aliyopigwa hospitalini ilionyesha kifuko cha maji kwenye ini, kikubwa kama kichwa cha mtoto. Daktari alisema hakikuletwa na pombe. Watu wengine huwa navyo tu. Kulikuwa na njia ya upasuaji wa matundu madogo, lakini kwanza wangejaribu sindano: kuyanyonya maji, kutia pombe kali ya hospitali ili iunguze ngozi ya ndani ya kifuko, kisha kuivuta itoke. Bila hiyo pombe, kifuko kingejaa upya.

Nyumbani fundi alieleza yote isipokuwa pombe. Aliona haya kulitamka neno lenyewe mbele ya mkewe, na alidhani mambo hayo yangeishia hospitali.

Hayakuishia huko. Siku ya sindano, kiasi fulani cha ile pombe kiliingia kwenye damu. Muuguzi alimsihi alale wodini. Akakaidi, akachukua teksi. Alifika mlangoni macho mekundu, ulimi mzito. Mkewe alimshika bega amwingize ndani, akasita, akamnusa mdomo.

"Ni daktari," fundi alisema. "Kanitia kwenye ini, mama watoto. Kwa sindano."

"Baba alikuwa anasema ni dawa ya kikohozi. Wewe umemzidi."

Kesho yake mkewe alimpeleka kwa daktari, akasikia mwenyewe kwamba ni kweli. Aliitikia kila neno kwa adabu. Walipofika kwenye korido ndipo alipomgeukia mumewe.

"Kumbe ulijua tangu mwanzo, ukanificha. Hata baba alianza kwa kuficha."



Sasa kifuko kimenywea. Anapiga magoti kutwa nzima, na sahani anaimaliza. Jioni akirudi, mkewe humpokea mfuko wa zana pale mlangoni, kisha husogeza uso karibu na wake. Fundi hufungua mdomo, akapumua, akangoja kupishwa.