Mfuaji Hutazama Pindo

Kijiji kizima cha Gedelavalasa, ukitaka kujua kama maziwa yametiwa maji, hukuwa na haja ya kupima. Ulimpitishia Kurmamma puani. Mwanamke huyo alizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Jogoo akiwika mapema, aliuliza nani kamhonga. Mumewe Asirayya akirudi kutoka mtoni mapema kidogo, alinuswa. Akichelewa kidogo, alinuswa mara mbili. Kuhani akimpa tonge la wali wa sadaka, alitupa jicho kwanza kwenye tonge la aliyemtangulia. Wala usidhani alikuwa mjinga. Katika mara kumi, mara nne shaka yake ilikuwa ya kweli, na hiyo inampita mnajimu wetu kwa mbali.

Kazi yake ilikuwa kufua. Alifulia nyumba arobaini, na kila nyumba ilikuwa na alama yake, aliyoitia kwenye pindo la nguo kwa utomvu wa kokwa nyeusi, utomvu usiotoka kwa magadi wala kwa jua la Mei: nukta tatu za karani wa kijiji, mstari na nukta za mfinyanzi, mguu wa kunguru wa Naidu mwenye mashamba. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini kwa miaka thelathini hakuna shuka iliyopotea njia mikononi mwake. Wenye vyeti ukutani wapoteze mafaili yao. Kurmamma hakupoteza hata kitambaa cha kufutia pua. Mfuaji, alipenda kusema, hatazami shuka katikati. Katikati kila shuka ni shuka. Hutazama pindo.

Na alivuta chuta, ule msokoto mnene wa jani la tumbaku. Wanaume wetu huuvuta kama dunia nzima inavyovuta. Wanawake huugeuza: upande wenye moto unaingia kinywani, midomo inafumba, na kazi inaendelea. Kabla hujacheka, kasimame mtoni maji yakiwa magotini, mikono yote miwili inapigiza dhoti, shuka la kiume, kwenye jiwe, upepo wa pwani unavuma, kisha uniambie utawasha moto wako mara ngapi. Ndani ya kinywa hauzimiki, wala jivu haliangukii nguo nyeupe ya mtu. Mama yake alimfundisha akiwa na miaka kumi na minne, kama dawa ya jino lililokuwa likimuuma. Jino lilipona au lilizoea, hakuna ajuaye. Chuta ilibaki, na ndiyo kitu pekee chini ya jua ambacho Kurmamma hakuwahi kukishuku.

Mlango wa pili aliishi wifi yake, Pyditalli, dada mkubwa wa Asirayya, mjane, mfuaji vilevile na mvutaji vilevile. Huo ulikuwa mwaka wao wa saba bila kusemezana, kwa ajili ya sufuria kubwa la shaba la kuchemshia nguo, urithi wa marehemu mama mkwe. Mwaka wa mafuriko lilikuwapo upenuni kwa Kurmamma jioni, asubuhi halipo. Kijiji kizima kilisema mto umelichukua. Kurmamma alisema mto hauna nguo za kuchemsha.

Hapo ndipo gari la kijivu lilipoingia kijijini. Ulikuwa ule mwaka serikali ilipokuwa ikiwakamata wanaume na kuwafunga uzazi, kwa hiyo liliposikika tu, wanaume wote walikwenda kukagua mashamba, hata wasiokuwa na shamba. Akashuka daktari wa meno, kijana mwembamba aitwaye Viswanatham, na mpiga picha mwenye kitambi. Walisema wanatafiti saratani ya kinywa: kwa nini wanawake wa pwani hii inawashika juu, kwenye kaakaa, mahali ambapo watu wa kwingine haiwashiki, nani itamfika na nani itampita, na mtu akiacha chuta, kinywa hurudi kilivyokuwa au hakirudi. Wangekuja kila mwaka, nyumba kwa nyumba, kuangalia tu.

"Kuangalia tu," Kurmamma alimwambia mumewe. "Mtu atoke Hyderabad kwa petroli yake aje kuangalia vinywa vya wafuaji. Wewe umewahi kusafiri ukaangalie kinywa cha mtu?"

Asirayya akasema hajawahi.

"Basi."

Siku ya kwanza waliandika majina na kupaka namba milangoni kwa rangi nyekundu. Kurmamma akawa arobaini na moja, wifi yake arobaini na mbili. Ila kando ya namba ya Kurmamma waliongeza mistari miwili iliyopishana, na kwa wifi hawakuongeza kitu. Namba Kurmamma hakuzijua, lakini alama alizijua kuliko mtu yeyote wilayani. Mistari iliyopishana ni mkasi uliofunguliwa. Nyumba yenye mwanamume imewekewa mkasi. Nyumba ya mjane haina. Kulikuwa na nini tena cha kuuliza?

Mchana, watu wamejilaza, alichukua magadi, chokaa na kitambaa, akafuta milango yote miwili mpaka mbao zikawa kama hazijawahi kuguswa. Kopo la rangi walikuwa wameliacha chini ya mwarobaini. Akachora upya: namba yenye mkasi kwa wifi, namba isiyo na mkasi kwake.

Kesho yake mpiga picha alipita. Kila kinywa alichokipiga aliandika namba aliyoiona mlangoni, hakuuliza jina. Alipovuka kizingiti cha Kurmamma, mbwa wa nyumba hiyo akamshika paja. Maana mkasi ule haukuwa mkasi. Ilikuwa alama yao wenyewe ya kuonyana: hapa pana mbwa mkali.

Kabla ya kuondoka, daktari aliwasihi wanawake wote waache chuta. Wote waliahidi. Kurmamma aliahidi na chuta yake ikiwa nyuma ya mgongo.

Mwaka ukapita, mvua ikaosha zile namba, na gari la kijivu likarudi. Safari hii daktari aliweka meza barazani mwa shule akaita watu kwa majina, kila jina na namba yake kitabuni, kila namba na picha yake. Alipofika Kurmamma, akatoa picha ya arobaini na moja. Kaakaa lilikuwa jeupe kama ukoko wa uji, lenye vinukta, na upande mmoja lilikuwa na doa jekundu, bichi, kama kidonda cha mtoto aliyeanguka.

"Hiki ni kinywa chako cha mwaka jana, mama," alisema. "Kilininyima usingizi."

Kisha akaingiza kioo chake na tochi. Weupe ulikuwapo, vinukta vilikuwapo, ila doa jekundu halikuwapo. Akaangalia tena. Akawaita wenzake waangalie.

"Mama, umeacha chuta?"

"Tangu siku ile ile," alisema Kurmamma, ambaye alikuwa ameizima punde tu mlangoni.

Daktari aliandika mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Hilo ndilo walilokuwa wakilitafuta kijiji kwa kijiji: kinywa kilichorudi. Akawatangazia wanawake waliopanga foleni kwamba huyu ndiye mfano wao, na Kurmamma akapewa kiti. Maishani mwake hakuwahi kupewa kiti na msomi. Akakikalia nusu, kwa shaka.

Maana yeye alijua hajaacha hata siku moja. Sifa isiyo na sababu ni kama maziwa ya bei rahisi. Akaomba aione ile picha. Daktari alikuwa ameitazama katikati, kwenye doa, kama ilivyo desturi ya madaktari. Kurmamma alitazama pindo. Pembeni kabisa, nusu yake ikiwa imekatwa, palikuwa na jino lililopanda juu ya mwenzake kama mbuzi anayeparamia ukuta. Jino lile alilijua. Lilikuwa limemcheka miaka saba.

Akairudisha picha mezani, akabaki kitini. Pyditalli akaitwa, akaonyeshwa picha ya arobaini na mbili, akachunguzwa na msaidizi mwenye haraka, akaambiwa hana la kumtisha, wekundu kidogo tu. Alipita mbele ya kile kiti kidevu juu.

Kurmamma alikwenda nyumbani akakaa kizingitini. Kwa mwezi mzima wifi yake hakuwa amenunua pilipili. Alikula uji wa ulezi kwa mtindi, asubuhi na jioni, na Kurmamma alikuwa amejiuliza sana mjane anapata wapi fedha ya mtindi, mwisho akakata shauri: ameuza sufuria. Sasa shaka ile ilimgeukia. Mtu wa pwani hii haachi pilipili kwa utajiri. Kinywa kinawaka.

Kusema ni kusema pia nani alihamisha namba, mbele ya kijiji, na wifi angelibeba neno hilo mpaka siku ya kuchomwa maiti. Kunyamaza ni kubaki na kiti. Kwa muda wa chuta nzima alifikiri kunyamaza, na asiyewahi kufikiri hivyo kwa ajili ya wifi yake na amrushie jiwe. Kisha akasikia gari likiwashwa. Akatema jivu akakimbia.

Alisimama mbele ya gari, mkono juu ya chuma.

"Daktari, mimi sijaacha chuta."

Daktari alimwambia asiogope, kinywa chake kimepona, macho yake yameona.

"Kinywa changu ni changu. Picha ile ni ya wifi yangu. Namba nilizihamisha mimi."

Daktari akatabasamu kama mtu anayeombwa atoe jino zima. Ila mpiga picha alikuwa amekwisha kushika paja lake.

"Mwaka jana niling'atwa kwenye mlango usio na alama," aliwaambia wenzake polepole. "Nikadhani mliosahau kuiweka ni ninyi."

Daktari akafungua kitabu, akautafuta ule mstari alioupenda kuliko yote, akaukata kwa kalamu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayezika.

Mlangoni kwa Pyditalli ikawa kazi nyingine.

"Ameugua yeye, sasa ananitupia mimi," alisema Pyditalli, akimwambia daktari ili asikie mwingine. "Miaka saba ananitafutia kosa, amelikosa. Leo amenipatia ugonjwa."

"Fungua kinywa, wifi."

"Nikufungulie wewe? Uhesabu meno, kesho useme moja ni lako?"

"Nami nitafungua."

Basi wakasimama kizingitini, wanawake wawili watu wazima, vinywa wazi kama makinda ya kunguru, na daktari katikati na tochi yake. Akamshikia Pyditalli kioo, na kando yake picha. Jino lilikuwa lile. Doa lilikuwa lile, ila limekua, na ukingo wake umekuwa mgumu. Daktari alisema atakatwa kipande kama punje ya mchele, kikaangaliwe kwa hadubini mjini. Ikiwa ni mapema, huondolewa, na ameona wanawake walioishi miaka mingi baadaye. Ikiachwa, hayo pia ameyaona. Hakuyaeleza.

Pyditalli alimtazama Kurmamma.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

"Ukakaa kwenye kiti."

"Nikakaa."

Asirayya alijitolea kumpeleka dada yake mjini. Pyditalli alikataa. Alimtaka wifi yake, na alipoulizwa kwa nini, alisema ndugu yake ni mtu mwema na mtu mwema huuziwa chochote, lakini huyu mwingine hakuna aliyewahi kumdanganya.

Hospitalini kile kipande kilitiwa kwenye kichupa chenye karatasi ya namba, kikawekwa kwenye sinia penye vichupa ishirini vilivyofanana kama mayai. Kurmamma aliviangalia. Akafungua fundo la pindo la sari yake, akatoa kokwa nyeusi na sindano, akachora kwenye ile karatasi mviringo wenye masikio mawili. Muuguzi alimwambia hakuna haja, namba inatosha.

"Namba nazijua," alisema Kurmamma. "Zinahama."

Pyditalli, pamba kinywani, alinyoosha kidole kuuliza ile alama ni nini.

"Sufuria," alisema wifi yake.

Pyditalli alicheka mpaka muuguzi akamkataza.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu na masikio yake mawili. Ilikuwa saratani, lakini changa, haijachimba ndani. Ilikatwa. Pyditalli alibaki na tundu kwenye kaakaa, analiziba kwa kibandiko cha plastiki cha rangi ya waridi, na maneno yake yanapitia puani, yakiwamo matusi. Chuta aliitupa mtoni mwenyewe. Sasa wanafua jiwe kwa jiwe. Kila mafuriko yakikumbukwa, anaapa kwa pua yake kwamba sufuria lilichukuliwa na mto, na Kurmamma anasema mhh.

Mwaka uliofuata gari la kijivu likaja tena. Kurmamma akakaa mbele ya meza, na daktari akamuuliza kama ameacha.

"Nimeacha."

Daktari alimtazama jinsi Kurmamma mwenyewe anavyotazama maziwa. Hakuchukua kioo wala tochi.

"Mama," alisema, "kwanza nionyeshe pindo la sari."

Kurmamma alikunja uso, maana hakuna mwanamke wa Gedelavalasa anayefungia tumbaku mahali pengine. Akalifungua fundo taratibu, huku foleni nzima imeinamisha shingo. Ikatoka sindano, na ile kokwa nyeusi.

Daktari akaiokota, akaipeleka puani, akainusa. Kisha akaigeuza, akainusa tena.