Pacha Aliyekwenda Kutafuta Kuni

Nilipokuwa na miaka tisa tuliishi mjini Buffalo, mtaa wa West Side, orofa ya juu ya nyumba ya mbao ambayo ngazi zake zililia kila mtu alipopanda. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na Koko, ndivyo nilivyomwita bibi yangu, mama yake mama. Kwa hesabu ya Koko tulikuwa wanne. Nilizaliwa pacha. Ndugu yangu Espoir alituacha katika kambi ya wakimbizi, kabla hatujaja huku na kabla hatujajua kutembea, na tangu hapo Koko alipiga marufuku neno moja nyumbani kwetu. Pacha hafi, alisema. Anakwenda kutafuta kuni. Ukimwambia aliyebaki kwamba mwenzake amekufa, unamvuta na yeye amfuate.

Kwa hiyo kila Jumapili, Koko alipopakua ugali na sombe, yale majani ya muhogo, alipakua na kisahani cha Espoir. Tukishamaliza kula, kisahani kile kilikuwa changu. Sikuona ajabu. Wenzangu shuleni walikuwa na kaka walioko jeshini. Wangu alikuwa kwenye kuni.

Jumapili moja mama alimkaribisha chakula mhubiri mmoja aliyetoka mji wa Columbus kutuendeshea juma la maombi. Alikuja na waimbaji wa kwaya, sebule ikajaa. Alipokiona kisahani hakina mtu, akaniuliza mimi.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Espoir."

"Espoir ni nani?"

Mama aliinamisha macho. "Ni pacha wake, Mchungaji. Hakufika huku. Ni mambo ya mama tu, ya kule nyumbani."

Mhubiri aliweka kijiko chini. "Donc, kwa hiyo mnalisha mizimu." Kisha akanigeukia, na lazima niseme kweli, mwanzoni alikuwa mpole. "Mtoto wangu, sema: ndugu yangu amekufa. Sema, ufunguliwe."

"Asiseme," Koko alisema.

"Sema tu, Espe, yaishe," mama alininong'oneza.

Niliwatazama wote watatu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza mimi nataka nini, na hilo ndilo lililonipandisha hasira, hata kuliko neno lenyewe.

"Ameenda kutafuta kuni," nikasema.

Akaniambia tena. Nikajibu vilevile. Basi akainuka, akaniwekea mkono kichwani na kupaza sauti: "Amekufa! Ndugu yako amekufa!" Nilijichomoa chini ya ule mkono, nikakivuta kisahani, nikala chote huku nikimkodolea macho.

Kabla juma lile halijaisha nilikuwa nimelazwa hospitalini. Daktari alisema ni homa ya mapafu. Mhubiri alisema ni pepo anayekataa kutoka. Koko hakubishana na yeyote. Alikuwa amekwisha kuonya. Alivuta kiti karibu na kitanda, na katika joto la homa nilimsikia akizungumza na mtu ambaye si mimi: "Espoir, harakisha na zile kuni. Dada yako anasikia baridi." Mama alikuwa amesimama palepale, na hakumkataza. Dawa ziliingia mkononi, maneno yaliingia sikioni, nikapona. Mpaka leo sijui niwashukuru nani zaidi, na sioni sababu ya kuchagua.

Miaka ikapita, Koko tukamzika palepale Buffalo. Mama akahamia Louisville, mtaa wa Okolona, kwa kazi ya ghalani, nami nikabaki kusomea ustawi wa jamii. Kiangazi kilichopita nilipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kaskazini mwa Kanada, katika jamii ya Wakrii, wenyeji wa asili wa kule. Kazi yangu ilikuwa kusaidia kambi ambamo wazee waliwafundisha vijana lugha yao na maisha ya porini. Nilipika, niliosha masufuria, niliendesha gari la vijana.

Siku ya kwanza nilisikia watoto wakiita kutoka mtoni, "Kokum!" Shingo yangu iligeuka kabla sijafikiri. Kumbe ndivyo wanavyomwita bibi kwa Kikrii.

Kokum wa kambi yetu alikuwa mama mfupi, mwenye viatu vikubwa vya kiume, asiyevumilia kisu butu. Alinifundisha kunyonyoa bata bukini na akacheka sana nilivyomshika. Kati ya vijana wake alikuwepo binti mmoja, Rose, aliyefiwa na kaka majira ya baridi. Alifanya kila kazi aliyopewa, lakini jina la kaka yake hakulitaja hata mara moja.

Siku ya mwisho, mchana, walifanya karamu. Kabla ya kula, kila mtu alichukua tonge la chakula, akataja jina la mtu wake aliyefariki, akatia lile tonge motoni. Zamu ikanifikia nikiwa na kipande cha nyama mkononi. Mabega yangu yalikuwa yamekwisha kupanda, tayari kwa ugomvi.

"Siwezi kutaja," nilisema. "Kwetu pacha hasemwi kwamba amekufa. Ndugu yangu ameenda kutafuta kuni."

Kokum alinitazama. "Ameenda siku nyingi?"

"Tangu tukiwa wachanga."

"Basi ana njaa. Hicho ulichoshika ni kidogo." Akakata paja zima la bata akanipa.

Nilipolitia motoni, Rose alimsogelea Kokum. "Naweza kusema hivyo na mimi? Juu ya kaka yangu?"

"Muulize yeye mwenyewe," Kokum alisema akinielekeza. "Maneno ni ya kwao."

"Chukua," nikamwambia. Ndipo akalitaja jina la kaka yake, kwa sauti, akasema ameenda kutafuta kuni, na shangazi zake wakamkumbatia.

Vuli iliyofuata, vijana wa kanisa la Columbus waliniita niwaeleze kiangazi changu. Mhubiri wao ni yuleyule, sasa ana mvi. Nilisimulia yote, na ule moto pia. Nilipomaliza akainua mkono. "Bon, vyema, binti yetu. Sasa waambie wenzako kwamba hayo umeyaacha."

"Sijayaacha, Mchungaji. Nasali, na sijayaacha."

Nilirudisha kipaza sauti na kwenda kukaa kando ya mama, aliyekuwa ameendesha gari kutoka Louisville kuja kunisikiliza. Tulipokuwa barabarani aliikumbuka Jumapili ile ya kisahani.

"Ile siku," alisema, "mimi ndiye niliyepaswa kumwonyesha mhubiri mlango atoke."

Sikumlaumu. Alikuwa mama peke yake katika mji mgeni, na kanisa ndilo lililotupa makochi na makoti ya baridi.

Tulipofika nchi hii tuliulizwa mengi: tumetoka wapi, tunaumwa nini, tunajua kazi gani. Hakuna aliyetuuliza sisi mtoto wetu tunamlilia vipi. Koko hakungoja kuulizwa. Na mimi singoji.