Boma la Mwisho Kupata Habari

Kosa lilikuwa katika ukurasa wa kumi na nne wa makala yangu, mstari wa tatu kutoka chini. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa miaka miwili nililipita kila niliposoma bila kuliona.

Barua pepe ya jarida iliyonieleza hivyo ilinipata Tseikuru, katika zizi la kuchanjia, nikiwa na sindano mkononi na mbuzi kati ya magoti. Niliisoma mara moja, nikarudisha simu mfukoni, nikamalizia mbuzi waliobaki. Kazi yangu ya mshahara ni afya ya mifugo. Wafugaji huniita daktari, ingawa nilichonacho ni cheti cha miaka miwili. Kazi yangu nyingine haina mwajiri. Ni hisabati: ninachunguza mitandao inayoundwa kwa bahati nasibu, na muda ambao habari huchukua kuenea humo mote.

Nilianzia katika mji mdogo wa Salama. Nikitoka nyumbani Kilungu kurudi kazini, hapo ndipo ninapobadilisha gari, na mama mmoja aliyeuza viatu vya mitumba kando ya barabara alikuwa na vitabu vichache pia, juu ya gunia. Nilinunua kimoja kwa sababu ya michoro yake: vitone vilivyounganishwa kwa mistari. Hakikuwa na jalada wala sura ya kwanza, kwa hiyo sikujua vitone hivyo vinaitwaje. Nikavipa majina yangu. Kitone nilikiita boma, mstari nikauita njia. Baadaye nilijifunza majina yanayotumiwa na wataalamu, lakini madaftari yangu yote ishirini na mawili yanasema boma na njia, na sijaona sababu ya kuyafuta.

Nilifanya kila zoezi la kitabu kile. Lililonishinda nililirudia mwezi uliofuata kabla ya kuendelea. Sura ya sita ilinichukua mwaka.

Swali langu lilitoka kazini. Chanjo ikiletwa, namwambia mtu mmoja au wawili, nao wanawaambia wengine. Je, nitangaze siku ngapi mapema ili kila boma lipate habari? Njia za kaskazini mwa Kitui hazina ahadi. Leo mto ni mchanga mtupu na unapitika, kesho umejaa, na wiki ijayo watu wamehamisha mifugo. Basi mtandao wangu ulikuwa na njia ambazo kila siku hufungwa au kufunguka kana kwamba mtu amerusha shilingi. Nilidai kwamba hata hivyo habari hufika upesi: ukiongeza maboma mara mbili, siku haziongezeki mara mbili, zinaongezeka kidogo tu, na kila mara ni kidogo kilekile. Waliosoma wakati wa vitabu vya majedwali watasema siku zinafuata logi ya idadi ya maboma.

Niliwaandikia wahadhiri watano. Akajibu mmoja, mwanamke anayefundisha nadharia ya kompyuta katika chuo kikuu. Alinitumia maswali matano ya kunipima. Nilimjibu kwa kurasa saba, naye tangu siku hiyo akawa ananisomea kazi. Ndiye aliyenisaidia kupeleka makala kwenye jarida, na mhakiki wa jarida alipogundua kosa, ni yeye aliyenipigia simu.

"Daktari," alisema, akijua vizuri ni nani kati yetu aliye daktari wa kweli. "Umesoma?"

"Nimesoma, Mwalimu."

"Kuna boma lako moja limekaa pembeni. Lina njia moja tu, na njia hiyo inaenda kwa mtu mwenye majirani elfu moja."

"Nimeliona."

"Huyo mtu kila siku anachagua jirani mmoja wa kumwambia habari. Hilo boma litangoja mpaka lini?"

"Mpaka mbuzi wafe."

"Ndiyo hivyo. Tumepewa miezi mitatu ya kujibu. Usiporekebisha tunaondoa makala yote. Na usiniletee viraka."

Ilikuwa kazi ya miaka kumi na moja. Nilichukua likizo, nikaenda Kilungu na madaftari.

Kiraka cha kwanza nilichojaribu kilikuwa kuyapiga marufuku maboma ya namna hiyo: niseme tu kwamba kila boma lina njia nyingi. Nadharia ilisimama wima mara moja, ila haikuwa tena juu ya Tseikuru wala mahali popote ninapopajua. Kiraka cha pili kilipasuka baada ya siku nne. Cha tatu sikumwonyesha mtu. Asubuhi moja nilitoka nje nikamkuta mke wangu juu ya ngazi akichuma maparachichi.

"Imekataa?" aliuliza bila kugeuka.

"Imekataa."

"Miaka kumi na moja unaiposa na bado inakataa. Mimi ulinipata kwa miezi sita."

"Wewe hukuwa na mhakiki."

"Nilikuwa na mama yangu. Shika ngazi."

Nilishika ngazi. Wiki iliyofuata likizo ikaisha, nami nikarudi Tseikuru nikiwa na miezi miwili na ukurasa mtupu.

Kuna duka pale ambalo huwa ninaacha matangazo yangu. Mwenyewe ni Mwislamu ambaye jamaa zake walitoka kaskazini mashariki, na wafugaji wote, Wakamba kwa Wasomali, hununua kwake sukari na dawa ya kupe. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti ya soda nikijaza fomu alipoingia mama mmoja anayefuga upande wa mbali kabisa, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Hakuomba sukari. Alisalimu, akaegemea kaunta, akaanza: habari ya mvua? Habari ya soko? Nani amefariki? Nani ameoa? Daktari analeta chanjo? Mwenye duka alijibu moja baada ya nyingine, kisha naye akauliza yake kuhusu malisho ya huko. Ndipo sukari ikapimwa.

Mama alipotoka nikamuuliza mwenye duka, "Tangazo la chanjo nilikuachia Jumatatu. Mbona hukumpelekea habari?"

"Daktari, wateja wangu unawajua ni wangapi? Nitamkimbilia yupi nimwache yupi?"

"Kwa hiyo angekosa."

"Angekosaje? Akija hapa lazima aulize. Akirudi nyumbani na sukari bila habari, mumewe atamuuliza alikwenda kununua au alikwenda kutembea."

Niliweka kalamu chini. Kosa la ukurasa wa kumi na nne halikuwa la hesabu. Lilikuwa la kikazi. Mtu aliyetangaza chanjo maisha yake yote hufikiri kwamba habari husukumwa na anayeijua. Katika madaftari ishirini na mawili sikuwa nimemruhusu asiyejua afungue mdomo.

Sipendi kuamini kitu kwa sababu kimenifurahisha, kwa hiyo siku ya chanjo nilichora safu mbili kwenye daftari. Kila aliyeleta mifugo nilimuuliza: uliambiwa, au uliuliza? Waliokaa karibu wengi waliambiwa. Waliotoka mbali karibu wote waliuliza. Yule mama alisema aliuliza, akataka kujua kama hilo litaongeza bei ya sindano.

Kisha nikaandika upya. Boma lenye njia moja halina haja ya kungoja lichaguliwe kati ya elfu moja. Linamuuliza jirani wake wa pekee. Njia ikifungwa leo, litauliza kesho. Uwezekano wa njia hiyo kufungwa siku nyingi mfululizo unakatika nusu kila siku, na kukatika huko kunatosha hasa kuyafunika maboma yote, hata yawe mengi namna gani. Logi ikarudi mahali pake. Uthibitisho wa kwanza ulikuwa na kurasa kumi na tisa. Huu ulikuwa na tisa.

Mhadhiri hakunisifu haraka. "Kuuliza si jambo jipya katika fani hii, Daktari. Lilishafanyiwa kazi zamani."

"Kwenye mitandao ambayo njia hazifungwi?"

"Nipe mpaka Ijumaa."

Ijumaa alipiga simu saa nne asubuhi. "Nimetafuta shimo siku tatu," alisema. "Nimewapa na wanafunzi wangu watafute. Hakuna. Njia zinazofungwa hakuna aliyeziweza kabla yako."

Jibu la jarida lilifika kabla ya mvua. Mhakiki aliandika kwamba uthibitisho umekamilika na ni rahisi kuliko ule wa mwanzo, na akaomba jambo moja: neno boma libaki ndani ya makala, lielezwe tu mara ya kwanza linapotokea. Limebaki. Makala yamechapishwa hivyo, na jina langu juu yake bila cheo chochote. Baadaye nilialikwa chuoni kuyaeleza. Nilisimama mbele ya ubao kwa saa nzima nikiwa nimevaa koti la kanisani, nikachora duka na boma la mbali, na maswali yalipoanza niliyajibu yote isipokuwa moja. Hilo ndilo ninaloshughulikia sasa. Mke wangu, aliyekaa safu ya nyuma, aliniambia tukitoka kwamba nilisema polepole mno lakini sikukosea.

Niliporudi Tseikuru sikumtangazia mtu. Siku ya tatu yule mama wa mbali alinikuta dukani.

"Daktari. Habari ya safari?"

"Nzuri."

"Habari ya mama watoto?"

"Mzima."

"Na ile hesabu yako iliyokuwa na kosa?"

Sikuwahi kumwambia kwamba kuna hesabu, sembuse kosa. Nilimtazama mwenye duka, mtu pekee niliyekuwa nimemweleza pale, naye akajishughulisha na mizani.

"Imekubali," nikasema.

"Vizuri," alisema, akaegemea kaunta. "Na chanjo inayofuata ni lini?"