Wino wa Karafuu Mbichi

Ti, ti. Nibu ikigongwa taratibu kwenye mdomo wa kichupa, mara mbili, ili tone la ziada lirudi lilikotoka. Bi Riyama Ahmada anaikumbuka sauti hiyo peke yake, bila ya sura ya chumba wala ya siku. Baba yake alikuwa karani wa ndoa, na kabla ya kuandika jina la bibi harusi aligonga kalamu mara mbili, mfano wa mtu anayebisha hodi.

Sasa Bi Riyama ana miaka sitini na saba, na yeye hugonga vivyo hivyo.

Anakaa Mkunazini, mjini Unguja, ghorofa ya kwanza, juu ya ngazi zilizolika katikati. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa hina. Mikono ya maharusi aliyoipaka, ukiipanga chini, ingefika Darajani ikarudi. Hina ndiyo iliyomsomesha rangi. Ukiipaka ni kijani kama matope ya mtoni. Ukiibandua ni rangi ya chungwa. Kesho yake ndipo inapokuja rangi yake yenyewe. Kwa hiyo msemo wake ni mmoja: hina haihukumiwi mbichi. Bibi harusi akilia kuwa haikukoza, Bi Riyama alimwambia, "Lala mwanangu, kesho utaniombea dua."

Magoti yalipochoka na mikeka, akahamia kwenye wino. Aliyemwingiza ni Anuar, daktari wa meno, ambaye mkewe alipakwa hina na Bi Riyama. Siku ile alimwona bibi akiandika majina ya wateja wake kwa wino wa zambarau uliopauka vizuri, akamuuliza ameununua wapi. "Kununua?" Bi Riyama alicheka. "Nimeuchanganya mwenyewe, buluu na wekundu, kwa bomba la sindano, tone kwa tone."

Anuar alirudi wiki ile ile na kalamu ambayo haikuwa na wino wa kuifaa, na baada yake wakaja wenzake. Wapo Unguja watu wazima, wenye akili zao na kazi zao, wanaokusanya kalamu za wino. Si kalamu za dukani. Ni zile ambazo kiwanda hutengeneza mia au mia mbili za rangi moja, kila moja na nambari yake ubavuni, kisha rangi ile hairudi tena duniani. Watu hawa huweza kubishana kutwa nzima kama kalamu fulani ni rangi ya maji ya Jambiani yakijaa au yakitoka. Na kwao aibu kubwa ni kutia katika kalamu wino usiolingana nayo, ni sawa na kuvaa kanga ya juu ya doti hii na ya chini ya doti ile.

Mwaka huu Anuar alipata kalamu nambari arubaini na moja kati ya mia na hamsini. Jina lake lilikuwa Karafuu. Alipoifungua mbele ya Bi Riyama, bibi aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa na wekundu ule wa karafuu ambayo imeacha ukijani lakini haijachumwa, wekundu wa haya.

"Na huu ndio wino wake waliouleta nao," Anuar akasema, akafungua kichupa.

Ulikuwa wa kahawia, wa giza, umekauka roho.

"Ah, masikini," Bi Riyama akasema. "Fundi wa kalamu kaiona karafuu mtini. Wa wino kaiona jikoni tu, ndani ya kopo la pilau."

Akaahidi kuutengeneza wino unaostahiki, na Anuar akamwachia kalamu kwa siku tisa. Wenye kalamu walikuwa na mkutano wao nyumbani kwa Anuar, Shangani, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwa mara ya kwanza yeye naye alialikwa, akae mezani na vichupa vyake.

Jambo moja hakumwambia Anuar. Hospitali walikuwa wameshamwambia kuwa jicho la kushoto limeanza kufanya mtoto wa jicho, na kwamba rangi zingeanza kumdanganya. Aliyejua ni binti yake Ummy, mwalimu wa skuli ya Amani, ambaye tangu hapo alimsihi apumzike. "Mama, umeshajenga jina lako. Usilibomoe."

"Nikikosea huu," Bi Riyama alimjibu, "nafunga vichupa vyote, na wewe utavitupa."

Akaagizia Mangapwani, kwa jamaa zake wenye mikarafuu, wawe wanamletea kikonyo kibichi chenye karafuu zake. Siku tisa alichanganya, akachora mistari karatasini, akaiacha ikauke, akaipandisha juu darini penye mwanga wa Mungu mtupu. Siku ya tisa kikonyo, kalamu na mstari vilikaa pamoja kama ndugu watatu. Au ndivyo alivyoona yeye.

Jumamosi saa nne asubuhi sebule ya Anuar ilikuwa imejaa. Msabah, muuza kalamu wa Malindi, alikuwa ameshakaa mezani na wino wake kutoka ng'ambo, aliouchagulia kalamu ile ile.

"Shikamoo Bi Riyama."

"Marahaba, Msabah. Hujambo?"

"Sijambo. Leo umekuja kumpaka nani?"

Watu wakacheka. "Wewe," Bi Riyama akasema, "ila ndevu zako zinakunywa hina nyingi."

Anuar akaandika mstari kwa wino wa Msabah, na chini yake mstari kwa wino wa Bi Riyama. Wakasubiri ukauke. Kisha akaiweka kalamu katikati, na watu wakainama juu ya meza.

Wa Msabah ulilingana. Wa Bi Riyama ulikuwa umepotea, wa kutu, kama wa mtu mwingine.

Hakuna aliyesema neno baya, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umekaribia sana, Bi, umekaribia sana," mmoja akasema kwa huruma. Ummy, aliyesimama nyuma ya kiti, akamwekea mama yake mkono begani. Bi Riyama alihisi moyo unashuka ngazi moja moja. Kumbe kweli. Kumbe jicho limeshakwenda zake.

Akainamisha uso asionekane, macho yakatua kwenye mkono wa kanzu ya Msabah. Kanzu ilikuwa imepigwa pasi, nyeupe pepe, ila begani ilikuwa na kijani, na kwenye kiwiko wekundu. Bi Riyama akainua kichwa polepole. Juu ya madirisha, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kale za Mji Mkongwe, palikuwa na nusu mwezi za vioo vya rangi, nyekundu, kijani na manjano, na jua la asubuhi lilikuwa linapita humo moja kwa moja mpaka mezani.

"Msabah, huo wino uliuchagulia wapi?"

"Papa hapa, Bi. Alkhamisi nilikuja na vichupa kumi na viwili, nikalinganisha juu ya meza hii hii, saa kama hizi."

"Anuar mwanangu, karatasi yako ni rangi gani?"

"Nyeupe, Bi."

"Itazame."

Anuar akaitazama. Akaitazama tena. Amezaliwa ndani ya nyumba ile, na mwanga ule ameuzoea tangu utotoni hata hauoni tena.

"Tutokeni nje," Bi Riyama akasema, na safari hii hakuwa anaomba.

Wakatoka wote mpaka barazani, karatasi imeshikwa kama mtoto wa siku saba. Bi Riyama akafungua fundo la kanga yake, akatoa kikonyo cha Mangapwani, kilichochumwa jana, akakilaza kando ya kalamu. Kikonyo, kalamu, wino wake: wekundu mmoja. Mstari wa Msabah, uliokuwa mfalme ndani, nje ulikuwa zambarau tupu.

Msabah aliinama akaikagua mistari yote miwili. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akacheka mwenyewe. "Nimehukumu chini ya kioo, Bi. Miye na uzee huu."

"Bado hujazeeka. Ulikuwa mbichi tu."

Kicheko kikaenda mpaka nyumba ya pili. Anuar akampa kalamu nambari arubaini na moja, aandike kwa mkono wake jina la wino, libandikwe kichupani. Bi Riyama akakaa juu ya baraza, akauweka mgongo wima kama alivyokaa baba yake. Akachovya, akagonga. Ti, ti. Akaandika *Karafuu Mbichi*, herufi moja moja.

Ummy akainama kumsaidia kusimama. Mama yake akamvuta karibu, mdomo sikioni, sauti ndogo hata mwenye kalamu hakuisikia:

"Bado nnaona."